Mikate Iliyoumuka kwa Malafu

Mathilde, mke wa Lucien wa reli, alikuwa na mdomo wenye kazi nyingi pale kambini Kamina, ila swali moja tu alikuwa hajaliuliza. Phébé, bintiye wa pekee, aliolewa Kabongo na Sudi, muuza nguo wa ukoo wa Maniema, na tangu aolewe alikuja kusalimia mara moja tu. Mama alimwandalia mikate ya mdalasini, aliyoila tangu akiwa na meno mawili. Binti akaisogeza sahani kando, akasema ameshiba. Akapanda lori kurudi kwake, na Mathilde akabaki akiamini kwamba mtoto amemdharau. Kuuliza si ujinga, lakini kiburi nacho hufunga kinywa.

Upishi huo alijifunza jikoni kwa madamu mmoja wa Kizungu. Madamu aliumua unga wake kwa hamira ya kopo. Mathilde, nyumbani kwake, alitumia malafu, pombe ya mchikichi, maana ndiyo iliyokuwapo. Unga uliumuka vizuri, tena ukawa na uchachu fulani mtamu. Aliutandaza, akaupaka siagi, akanyunyiza sukari na mdalasini, akaukunja kama mkeka, akaukata vipande na kuvioka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Ikaja habari kwamba Phébé atapita tena. Mathilde akaenda sokoni kwa Zuena, muuza viungo, kununua mdalasini, na hapo akamwaga uchungu wake wote: binti amepata mali, amekisahau chakula cha mamaye. Zuena, naye Muislamu wa watu wa Maniema kama Sudi, akataka kujua unga huo anauumua kwa kitu gani. Alipojibiwa, aliacha kupima.

"Mama Phébé, mutoto yako iko Muislamu sasa. Atakula malafu namna gani? Na atakuambia namna gani kama chakula yako iko haramu?"

Mathilde aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Muda wote ule alikuwa akimnunia mtoto aliyekuwa akimsitiri.

Akanunua hamira ya kopo, akaisugua sufuria kwa majivu mpaka mikono ikamuuma, akaoka upya.

Phébé alipofika alisimama mlangoni, harufu ikampata. Machozi yakamlengalenga.

"Mama," alisema polepole, "minyi siwezi kula ile."

"Kula, mwana wangu. Malafu haiko mu ile. Zuena aliniambia yote."

Phébé akaketi, akala. Akala na wa pili, ameegemea bega la mamaye. Kisha binti akasita, kipande kikiwa mkononi.

"Iko muzuri, mama. Lakini haiko ile ya kwetu."

Mathilde akaonja. Mkate ulikuwa laini, mtamu, hauna kosa, na haukuwa ule. Ule wa zamani angeweza kuuoka hata kesho, malafu hayakuadimika Kamina. Lakini aliuoka kwa ajili ya Phébé. Sasa angeula na nani?

"Njo vile," akakubali. "Hata minyi niko na hamu ya ile."

Wakaimaliza sahani nzima, kila mmoja akiutamani mkate ambao hawataula pamoja tena.