Mama Amina

Hakuwa na mtoto anayeitwa Amina. Jina alipewa na majirani wa karakana, ambao kila asubuhi walisikia kupitia ukuta wa mabati sauti nene ya mumewe ikiomba kwa dakika kumi nzima, kisha sauti yake ikidakia neno moja tu: "Amina." Wateja wageni walimuuliza huyo Amina yuko darasa la ngapi. Mumewe ndiye aliyecheka zaidi. "Huyo hasomi," alikuwa akisema. "Huyo kazi yake ni kunifungia maombi."

Mume alikuwa fundi wa makochi. Yeye aliunda mbao, akafunga springi na kugonga misumari; mke alikata vitambaa na kushona kwa cherehani. Kabla ya kufungua mlango walikaa kwenye stuli mbili, magoti yakigusana, na Fundi akaongea na Mungu kama anavyoongea mtu na jirani wa miaka mingi. "Bwana, leo tuna lile kochi la mwalimu. Springi zimechoka, na mwenyewe ana haraka. Nipe subira, si unanijua."

Mke hakuwa akiomba kwa sauti. Mwezi wa kwanza wa ndoa yao, katika ibada ya nyumbani, aliambiwa afunge kwa sala. Akasema "Baba yetu," na maneno yakamkaukia mdomoni. Alisimama pale, kimya, mpaka mtu mmoja akacheka na wengine wakafuata. Alilia njia nzima kurudi nyumbani. Mumewe akamwambia, "Basi, niachie mimi. Mimi nitaongea, wewe utaitikia." Yalikuwa maneno ya upendo, naye aliyapokea hivyo. Ikapita miaka thelathini na mmoja.

Halafu sauti ya Fundi ikaanza kukwaruza. Walisema ni vumbi la sponji. Walisema ni gundi. Alikunywa tangawizi hadi akaichukia. Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi benki, ndiye aliyemburuta hospitali, na daktari hakuzungusha maneno. Kulikuwa na uvimbe kooni. Sehemu inayotoa sauti ingeondolewa yote, na hapo huenda angepona. Kuongea ndiyo basi tena.

"Kazi nitaweza?" Fundi aliuliza kwa kunong'ona.

"Kazi utaweza."

"Basi kateni."

Asubuhi ya upasuaji alimshika mkewe mkono, akaomba kwa kile kisauti kilichobaki. Mke alingoja amwombee huyo daktari, au aombe apone. Hakugusa hayo. Alitaja kochi lililobaki nusu, akataja binti, kisha akasema: "Bwana, mke wangu hajazoea kuongea nawe. Msubiri. Usimharakishe."

Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu.

Fundi alirudi nyumbani akiwa anapumua kwa tundu lililoachwa shingoni, akiwa amelifunika kwa kitambaa chepesi, na daftari la shule mfukoni la kuandikia. Wiki ya tatu alirudi karakana. Asubuhi walikaa kwenye stuli zao kama kawaida. Fundi akainamisha kichwa. Mke naye akainamisha. Hakuna aliyesema neno. Baada ya muda Fundi alinyanyuka, akampapasa bega, akaenda kwenye mbao zake.

Ikawa hivyo siku kumi na tisa. Hakumsukuma hata mara moja. Hilo ndilo lililomuumiza mke kuliko kama angesukumwa.

"Mimi simwelewi Mungu," alimwambia binti yao jikoni. "Mtu aliyekuwa akiongea naye kila siku ndiye kamnyang'anya sauti. Kaniachia mimi, bubu!"

Binti alikuwa akimenya vitunguu. "Sasa mama, si umwambie hivyohivyo?"

"Nimwambie Mungu namna hiyo?"

"Kwani hajui?"

Kesho yake alikaa kwenye stuli, akafumba macho, akasema kwa sauti iliyotetemeka: "Bwana, umetukosea." Moyo ulimdunda kana kwamba ametukana hadharani. Alipofumbua macho aliona mabega ya mumewe yakitikisika, akaogopa kuwa amemliza. Kumbe alikuwa akicheka kwa ule mcheko wake mpya usio na sauti. Akachukua daftari, akaandika: *Endelea.*

Akaendelea. Alimwambia Mungu juu ya shingo ya mumewe, na jinsi anavyokumbuka kuitwa naye kutoka chumba cha pili. Siku zilizofuata maneno yalikuja machache machache, kisha mengi. Alianza kutaja makochi. Alianza kuwataja majirani. Mwishoni mwa kila sala Fundi aligonga kiti mara mbili kwa vidole, na hiyo ndiyo ikawa amina yake. Mke akashangaa kugundua, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, kuwa anaamka akiwa na hamu. Kulikuwa na Mtu anayemngoja.

Na aliomba mume wake apone. Aliomba hivyo kila asubuhi, waziwazi, bila aibu, kama mtoto anayejua ombi lake litasikika.

Mwezi wa nane baada ya upasuaji, ugonjwa ulionekana kwenye mapafu.

Alipopewa habari hizo hakulia. Aliingia msalani hospitalini, akafunga mlango, akasema kwa meno yaliyokazwa, "Ndiyo maana ulinifundisha kuongea? Ili uninyime nikiwa nimeshazoea kuomba?" Hakujibiwa. Akanawa uso, akarudi wodini, akaendelea kuombea uponyaji, kwa ukali sasa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo taa zinawaka.

Siku ya mwisho, ambayo hakujua kuwa ni ya mwisho, alikuwa ameinama juu ya kitanda akiomba mumewe aongezewe miezi mitatu. Mitatu tu. Fundi alimgusa kiganja, akaomba daftari. Mkono ulikuwa dhaifu, herufi zikapanda na kushuka. *Mwambie imetosha. Mwambie asante, anichukue.*

Mke alisoma, akalifunga daftari.

"Hilo siwezi," alisema. "Mengine yote nitasema. Hilo usinitume."

Fundi alimtazama. Hakukuwa na lawama machoni mwake. Alinyoosha mkono kutafuta penseli tena, kisha akauacha mkono ulale. Mke akamgeuzia mgongo kidogo, akajifanya anapanga vikombe. Alasiri ya siku hiyo hiyo, binti akiwa ametoka kununua maji, Fundi aliacha kupumua.

Alimnyima. Hilo ndilo alilobaki nalo. Watu walipokuja kumpa pole wakasema ameuguza vizuri, alitaka kupiga kelele. Mchungaji alipomwomba, baada ya mwezi, atoe ushuhuda kanisani jinsi Mungu alivyomshika, alijibu kwa upole: "Mchungaji, ushuhuda sina. Mungu ninaye, lakini kwa sasa hatuelewani."

Mchungaji alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Mnaongea lakini?"

"Kila siku."

"Basi nisikusumbue."

Ilikuwa kweli. Alikwenda karakana kila asubuhi. Siku nyingine alisema tu, "Nipo," akaanza kazi. Siku nyingine aliungama tena lile la vikombe, neno kwa neno, na hakupata nafuu aliyoitarajia. Siku moja, bila kupanga, alijaribu kulisema lile alilotumwa. "Asante" ilitoka. Iliyobaki haikutoka, akasema, "Nitamalizia siku nyingine," na alihisi, kwa mara ya kwanza tangu maziko, kwamba hakuna anayemharakisha. Maumivu yalibaki palepale. Ila hakuwa nayo peke yake.

Alichukua kazi yake ya kwanza bila Fundi, kiti cha mikono cha mama mmoja mshonaji. Mbao alizirekebisha, sponji akaikata sawasawa. Akafika kwenye kuvuta kitambaa. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anavuta, mwingine anagonga. Alivuta kwa mkono wa kushoto, kikaregea alipoinua nyundo. Akavuta kwa goti, kikaregea. Mara ya nne alikaa sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa, akalia kwa sauti kubwa ambayo hakuwahi kuitoa mbele ya mtu.

Jirani wa karakana, fundi saa wa chumba cha pili, alitokea mlangoni, miwani ya kazi ikiwa bado machoni. Alipiga goti upande wa pili wa kiti, akashika ukingo wa kitambaa kwa mikono miwili.

"Nivute hadi wapi?" aliuliza.

Mke alifuta uso kwa kanga, akatafuta nyundo. "Kidogo tena," alisema. "Hapo. Usiachie."