Siku Fundi Phinées Alipochuchumaa En Direct

Phinées alishona nguo za wanaume pale Furu, mjini Butembo, na hakuna mteja aliyewahi kumwona akicheka akiwa na mita ya kupimia shingoni. Kwake kositimu, yaani suti, haikuwa mchezo. Lakini Noeli ya pili ya état de siège, utawala wa kijeshi, ilipokaribia, wateja walipungua. Barabara za mashamba zilikuwa na vita, na watu walinunua maharagwe kabla ya koti.

Mke wake, Emérence, alikuwa na telefone nzuri na mdomo mwepesi.

"Papa Nadège," alimwambia, maana alimwita kwa jina la binti yao, "batu hapana kuya tena ku boutique. Beko ku Facebook. Donc tubafuate kule."

"Miye niko fundi, hapana comédien."

"Utasimama tu. Maneno nitasema miye."

Basi Phinées akavaa koti la buluu, suruali ya rangi ya haradali iliyobana kama ngozi, na viatu vyenye ncha. Emérence akaanza kurusha video en direct, moja kwa moja Facebook. Mambo yalikwenda vizuri. Fundi aligeuka, akaonyesha vifungo, akafungua koti watu waone kitambaa cha ndani. Kisha mtu mmoja akaandika swali: je, na pantalo hiyo mwanaume anaweza kupanda moto, yaani pikipiki?

Phinées aliumia moyoni. Alisahau kwamba hakutakiwa kusema.

"Hapana moto tu! Muangalie muzuri," alisema, akachuchumaa. "Mushono ya Phinées hapana kuweza ku—"

Krrrr!

Suruali ilipasuka nyuma, toka chini mpaka mkanda. Ndani kulikuwa na kaleso, chupi nyeupe yenye mabata ya manjano. Emérence, badala ya kuzima telefone, alicheka mpaka mikono ikamtetemeka, kwa hiyo watazamaji waliona mabata, wakaona dari, wakaona mabata tena.

Kabla jua halijazama, mtu alikuwa ameshaitia video ile muziki. Kesho yake sokoni, wauza vitunguu walimsalimia fundi kwa sauti ya bata. Alirudi nyumbani, akajifungia siku tatu. Hakumsemesha mke wake ila kumwomba chumvi.

Siku ya tatu Emérence alikaa mbele yake. "Nilipaswa kukufunika, nikacheka. Nilikosa. Unisamehe."

Phinées aliomba chumvi.

Siku ya nne telefone ililia. "Niko naongea na fundi ya mabata?" aliuliza mwanaume mmoja. Phinées alitaka kukata.

"Ngoya, papa! Miye ni Stanislas, ninaongoza kwaya ya banaume ku Beni, commune Ruwenzori. Mama yangu alikimbia vita huko Eringeti. Tangu afike kwangu, miezi mbili, hakucheka hata siku moja. Juzi aliona video yako, akacheka mpaka akaomba maji. Anaiangalia kila asubuyi. Sasa tuko banaume munane, tutacheza ku misa ya Noeli. Tunataka weye ndiye utushonee."

"Mais uliona, pantalo yangu mwenyewe ilipasuka."

"Ndiyo maana! Saa hii unajua fasi yenye iko na shida."

Phinées akatafuta mita yake. Emérence aliuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa asicheke.

Walipanda gari ya Issaka, msafirishaji aliyepeleka vitunguu Beni. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi mmoja alitazama kitambulisho, kisha akatazama sura.

"Ye wana! Ni yeye! Mutu ya mabata! Papa, shuka, uchuchumae kidogo."

Issaka akaanza kuomba msamaha. Lakini Phinées alikuwa ameona bega la mwanajeshi yule: mkono wa kombati ulishikwa na nyuzi mbili tu. Alichomoa sindano kwenye kola yake, akatoa mikono dirishani, akaanza kushona. Mwanajeshi alitulia. Fundi alipokata uzi kwa meno, yule akapapasa bega, akainua kamba ya barrière. "Mupite, papa," alisema kwa sauti ndogo.

Huko Beni, Phinées alipima wanaume wote wanane, akamwamuru kila mmoja achuchumae, ainue goti, aimbe. Apollinaire, mwenye tumbo kubwa, alizuia pumzi.

"Pumua, papa. Ku misa utapumua."

Kati ya miguu ya suruali aliongeza kipande cha kitambaa, na kila mshono akaupitisha mara mbili. Alishona siku nne kwenye mashini ya kuazima. Mama Stanislas alikaa karibu akichambua maharagwe. Siku ya kwanza kila akimtazama alicheka. Siku ya pili alimweleza habari za kakao yake aliyoiacha Eringeti: imeiva sasa, na hakuna wa kuichuma. Phinées alipunguza mwendo wa mashini ili amsikie vizuri.

Siku ya Noeli, wakati wa matoleo, wanaume wanane waliingia katikati ya kanisa na makositimu ya buluu, wakicheza. Phinées alisimama nyuma, na macho yake hayakuwa kwenye altare. Ngoma zikakaza, wote wakakunja magoti pamoja, wakashuka chini kabisa, Apollinaire naye. Wakapanda. Hakuna kilichosikika ila ngoma na vigelegele.

Phinées akakaa. Emérence alimshika mkono, naye hakuutoa.

"Ungali na hasira?"

"Kidogo. Mpaka mwaka mupya."

Nje ya kanisa wanaume watatu walimzuia wakitaka kupimwa hapo hapo, mmoja ameshavua koti. Stanislas aliwafukuza. Nyumbani mama yake alikuwa ametenga wali, sombe ya majani ya muhogo na kuku mzima, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kijiko kabla fundi hajaketi.

"Wasingya, mama," alimshukuru Phinées, akavuta kiti.