Kimya cha Kifuu

"Kile kimya ni maombolezo," alisema Tarique, kijiko cha wali kikining'inia hewani. "Wanawakumbuka waliokufa vitani."

Gildo alitikisa kichwa huku anatafuna. Yeye ni dereva wa kambi ya gesi, mzaliwa wa Mueda, na kwake kile kimya kilikuwa kile cha watu kushika pumzi kabla kinyago cha mapiko, ngoma ya Wamakonde, hakijatokea uwanjani. Tarique, mtangazaji wa redio ya jamii, hakutaka hata kusikia. Aliwahi kuiona bendi ya Tungi Fusão ikipiga Pemba mara mbili, Nampula, hata Mtwara ng'ambo ya mto, na kila mahali wimbo wao wa kwanza, "Njoo Kesho", ulisimama palepale. Gitaa kimya, saksofoni kimya, na ule mkwaruzo unaowatia watu wazimu, nao kimya. Kisha inagongwa ko! moja tu, na muziki unarudi kwa kishindo.

Nyuma yao Chamima, muuza wali ule, alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Tangu gesi ionekane huko baharini Palma ilijaa wageni, na wageni nao wana matumbo. Nazi sita za kila siku zilikuwa zimefika ishirini. Mikono ilikuwa kazini, lakini masikio yalikuwa mezani kwa wale wawili.

Alasiri ile bendi ingepiga Palma kwa mara ya kwanza tangu iondoke, miaka kumi na sita iliyopita, na Tarique ndiye wa kuitambulisha jukwaani. Akakunjua karatasi yake akamsomea Gildo: ule mkwaruzo ulibuniwa na fundi mmoja wa studio kule Maputo, kwa chuma alichokichonga mwenyewe.

Chamima akaacha kukuna. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu isipokuwa marehemu mumewe, na mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Hakudai kitu. Redio ikipiga wimbo ule alikuwa akitabasamu peke yake jikoni, basi, yamekwisha. Lakini leo Palma nzima iambiwe kwamba mkono wake ni wa fundi wa Maputo? La, hilo lilimchoma.

"Mwanangu Tarique, usisome hivyo," alisema. "Mkwaruzo ule ni mbuzi yangu hii."

Wakacheka, lakini kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mama wa mwenzake.

"Mama, hii ni jazi," Tarique alimweleza.

Chamima akawasimulia. Vijana wa bendi walikuwa wakifanya mazoezi ukumbini kwake, hawana pa kwenda. Siku waliyotaka kurekodi, mpiga manyanga wao alikuwa hoi kwa malaria. Yeye Chamima alikuwa mlangoni, anakuna nazi za harusi ya jirani. Faquir, yule wa gitaa, akasikia, akamwomba asiache, akasogeza redio kaseti karibu na miguu yake.

"Na kimya?" Gildo aliuliza. Sasa hatafuni.

"Kizio kiliisha, nikachukua kingine. Faquir alikuwa amefumba macho, ananifuata mimi. Niliposimama, wakasimama wote."

"Na ile ko?"

Chamima alimtaka Tarique aufungue wimbo kwenye simu. Gitaa likaingia, mkwaruzo ukaingia, wakafika pale penye kimya, naye Chamima akakitupa kifuu juu ya rundo la vifuu ubavuni pake. Ko mbili zikalia kwa pamoja, ya simu na ya rundo, na hakuna sikio ambalo lingezitenganisha.

Tarique aliomba arudie. Akarudia mara tatu. Gildo akasukuma sahani kando.

"Mnyonge mnyongeni," alisema taratibu, "haki yake mpeni."

Tarique akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa fundi wa Maputo, akamuuliza jina lake kamili.

"Chamima binti Buanali," akajibu, na shingo ikamrefuka. Alifurahi, wala hakuficha.

Alasiri alihamishia sufuria na mbuzi yake pembeni ya uwanja, maana wenye kucheza lazima wale. Tarique alipanda jukwaani akasema yote, hata jina la baba mtu hakulisahau. Faquir, mwenye mvi sasa, alikuwa akikaza nyuzi za gitaa. Mkono ukasita. Akakinga jua kwa kiganja, akawa anatafuta katikati ya watu.

Walianza na "Njoo Kesho". Chamima alikuwa na kazi, akaendelea kukuna. Gitaa likanyamaza. Saksofoni ikanyamaza. Mpiga ngoma, ambaye miaka yote ndiye mwenye kuigonga ile ko, akamtazama Faquir, kisha akakiweka kijiti chake chini.

Uwanja mzima ukageuka. Chamima alikuwa juu ya mbuzi yake, kizio kimeisha, kifuu kimebaki mkononi.