Mvua ya Nakonde

Gari la matangazo lilipita taratibu kati ya malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, likilitaja jina la Barnaba Sichone kwa sauti iliyokwaruza. Fides alikuwa dukani kwake akipanga vitenge. Alibaki ameshika kitenge cha maua ya zambarau, asijue alitaka kukiweka rafu gani. Mteja alimwita, akamwita tena, mwisho akamgusa bega.

"Mama, uko wapi?"

"Niko hapa," alijibu Fides, lakini hakuwa hapo.

Alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, kwenye uwanja wa mpira, ana miaka tisa, na mvua inamnyeshea. Mbele yake kuna kijana mwembamba mwenye nywele kama kichaka na suruali ya bugaluu iliyolowa mpaka magotini. Umeme umekatika, spika zimenyamaza, watu wanakimbilia vibarazani. Kijana yule ameweka gitaa chini, amesogea ukingoni mwa jukwaa, anaimba kwa sauti yake tupu. Na waliokuwa wakikimbia wanasimama mmoja mmoja, wanageuka, wanarudi mvuani. Fides anayaona yote hayo kutoka juu, kwa sababu dada yake Loisi amembeba mgongoni.

Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia maisha yake yote. Alimsimulia Ezron kabla hajawa mume wake. Aliwasimulia wanawe mpaka wakawa wanammalizia sentensi. Kuna watu Tunduma waliomfahamu Fides kama yule mama wa vitenge aliyemwona Baba Waya kwenye mvua.

Baba Waya ndilo jina alilopewa Barnaba enzi hizo. Alikuwa Mnamwanga wa upande wa Zambia, akaenda ujanani kwenye miji ya migodi ya shaba, akarudi na gitaa la umeme na muziki wa roki ambao wazee waliuita kelele za mashine. Alikuwa na waya mrefu ajabu, akishuka nao jukwaani na kupiga gitaa akitembea katikati ya watu, na watu wakiuinua waya ule juu ya vichwa ili usikanyagwe.

Fides alimwona tena alipokuwa msichana mkubwa, kwenye ukumbi mmoja wa Tunduma ambao sasa ni ghala la saruji. Safari hiyo alikwenda na Ezron. Ezron alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, na muda wote alisimama wima kama nguzo, hakutikisa hata kidole. Fides alisikitika, akajiambia kijana huyu hanifai. Muziki ulipokwisha akataka kupiga hatua, akashindwa, na alipoangalia chini akakuta Ezron ameukamata upindo wa kitenge chake kwenye ngumi, kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kupotea. Walioana mwaka uliofuata.

Mara nyingine ilikuwa Vwawa, Ezron akiwa ameshazikwa. Fides alikwenda huko kwa shughuli zake, akaliona bango ukutani. Siku hizo roki ilikuwa haina mwenyewe, vijana walikuwa na miziki yao, na ukumbini viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watu. Barnaba, mvi zimeanza kumjaa, alipiga kama uwanja umefurika. Fides alikaa nyuma kabisa akalia kile kilio alichoshindwa kulia msibani, akalia kwa sauti, na hakuna aliyegeuka, maana gitaa lilikuwa juu yake, limemfunika.

Sasa anakuja tena, mzee.

Aliyemleta ni Bashiri. Mtu wa Tanga huyu, alifika Tunduma akiwa utingo wa lori, akakaa, akaoa, akawa na malori yake. Zamani gari la bendi lilimharibikia Barnaba njiani kutoka Ndola, Bashiri akampakilia vyombo vyake mpaka Nakonde, na tangu hapo wakawa ndugu. Jumamosi ya onyesho Bashiri aliwaalika wapenzi wachache wa zamani waje kula kwake mchana, kwa kuwa Barnaba angepumzika hapo kabla ya kwenda uwanjani.

Mkewe Mariam alipika pilau. Mwalimu Atupele, mstaafu, aliteremka kutoka Itumba, sweta yake bado ina ubaridi wa ukungu wa Ileje. Loisi, ambaye aliolewa Nakonde na hakuhama tena, alivuka kwa miguu akiwa na chupa kubwa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, akawa anamimina kwa kila mtu bila kuuliza nani anataka.

Wakaanza kusimuliana. Mwalimu Atupele alisema Barnaba aliwahi kupiga Itumba kwa jenereta, na wanafunzi wake wakapanda juu ya paa la darasa ili waone, na paa likabonyea.

"Niliambiwa nitoe maelezo ofisini," alisema. "Nikasema ni upepo."

"Wakakubali?" aliuliza Bashiri.

"Nani angekataa? Aliyeniuliza naye alikuwa juu ya paa."

Walicheka mpaka Mariam akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Kisha wote wakamgeukia Fides, kwa sababu walijua anacho kisa kikubwa kuliko visa vyao. Fides akafuta mikono, akaanza. Uwanja. Umeme. Watu kukimbia. Alipofika pale anapobebwa mgongoni, Loisi aliweka kikombe mezani.

"Fides," alisema kwa upole. "Wewe siku ile hukuwepo."

Fides alitabasamu, akidhani ni utani.

"Ulikuwa na homa, mdogo wangu. Mama alikufunika blanketi, akasema hatoki mtu mgonjwa. Mimi nilikwenda na Recho wa jirani. Niliporudi nimelowa nikakukuta macho yamekutoka, unanisubiri, ndiyo nikakusimulia. Ukataka tena na tena. Mpaka homa inakuacha nilikuwa nimechoka na mvua ile kuliko walionyeshewa."

"Ulinibeba mgongoni," alisema Fides.

"Nilikubeba kukupeleka zahanati."

Bashiri akaanza kuchambua iliki kwenye pilau yake kama kazi muhimu. Loisi hakusema kwa ubaya, hilo Fides alilijua. Alisema kama mtu anavyosema mlango uko kule, siyo huku.

Fides aliinuka akatoka uani.

Upepo wa Tunduma ulikuwa unavuma kama kawaida yake, ukipeperusha vumbi chini ya malori ya Bashiri. Alisimama kati ya lori na lori akajaribu kurudi Nakonde. Uwanja ulikuwepo bado. Mvua ilikuwepo. Aliisikia sweta ya Loisi iliyolowa ikimgusa shavuni, harufu ya sufu mbichi na moshi. Lakini sweta ile angeweza kuinusa kitandani vilevile, Loisi alipomwinamia akimsimulia. Alijaribu kukumbuka blanketi, akalipata mara moja, la kijivu, lenye mstari mwekundu. Sasa vyote viwili vilikuwepo, blanketi na uwanja, na mvua ilikuwa inanyesha juu ya vyote. Alijihisi mwepesi, kama nyumba iliyohamwa. Kama hakuwepo, basi ni nani aliyekuwa anaikumbuka siku ile miaka yote hii?

Geti likafunguliwa, gari dogo likaingia. Alishuka kwanza mwanamke wa makamo, Faith, binti wa Barnaba, ambaye siku hizi ndiye anayempigia gitaa la besi. Akazunguka upande wa pili akamshika mkono baba yake. Fides hakumtambua mpaka alipocheka. Nywele zilikuwa zimekwisha, mwili umepungua ndani ya koti. Aliomba kiti awekewe juani kwanza, apashe mifupa joto, kisha akamwona Fides amesimama kule.

"Mwaiseni, mama," alisema kwa Kibemba, akimkaribisha Fides uani kwa watu kana kwamba ni kwake. "Mbona umejificha na matairi?"

Fides alisogea, akapiga goti kidogo, akamwamkia. Hakuwa amepanga kuuliza. Swali lilitoka lenyewe.

"Mzee, siku uliyopiga uwanjani Nakonde, zamani, umeme ukakatika. Mvua ilinyesha?"

Barnaba aliliangalia jua akiwa amefumba jicho moja.

"Kasama wananiambia mvua ilinyesha Kasama. Mbala wanasema ni Mbala. Sijui, mama. Mimi kila onyesho niko juu, taa zinanipiga machoni, naona giza tu lenye kelele. Miaka yote hii nimepiga muziki, onyesho la Barnaba Sichone sijawahi kuliona." Alicheka tena, taratibu. "Nyinyi ndio mmeliona. Ndiyo maana nikikaa na watu nawaomba wanisimulie. Ulikuwepo?"

Loisi alikuwa ametoka kumfuata mdogo wake. Alisimama mlangoni, kitambaa cha mikono kikiwa begani.

Neno "ndiyo" lilifika mdomoni kwa Fides, kama lilivyofika miaka yote, bila shida. Alilimeza.

"Aliyekuwepo ni dada yangu," alisema. "Dada Loisi, msimulie mzee."

Loisi alimtazama kwa muda mrefu. Akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya Barnaba, na Fides akakaa chini kwenye jamvi.

"Tulitoka nyumbani mchana," alianza Loisi. "Tulipita njia ya mashambani ili mama asituone. Huyu alikuwa mdogo, anachoka, nikambeba. Alikuwa mzito, mzee, usimwone hivi. Tulipofika hatukuona kitu, watu wamejaa, nikamwambia panda mgongoni uwe unaniambia."

Fides aliinua uso. Alisubiri jina la Recho litajwe. Loisi alisimulia uwanja, akasimulia wingu lilivyotokea upande wa Mbozi, akasimulia spika kuzimika, na Recho hakutajwa. Mahali fulani alisita, akasema, "Pale alianza kuimba wimbo upi, Fides?" na Fides akamtajia, wakaendelea wote wawili, huyu akiacha yule anaokota. Barnaba alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilitulia mapajani, vidole tu vikicheza.

"Na nilikuwa naimba vizuri?" aliuliza.

"Vibaya," alisema Loisi. "Ulikuwa unatetemeka baridi. Lakini hatukuondoka."

"Hamkuondoka," alirudia mzee, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika.

Jioni ile jua likiwa bado lipo walikwenda uwanjani. Kulikuwa na vijana wengi, waendesha bodaboda, wachuuzi wa mahindi ya kuchoma, watoto juu ya ukuta. Barnaba alipiga amekaa kwenye kiti cha plastiki. Sauti yake ilikuwa imechakaa, mstari mwingine akiuacha Faith aumalizie, na mwanzoni vijana walikuwa wanapiga soga. Kisha mkono wake wa kushoto ukapanda juu ya shingo ya gitaa na kukaa huko, na ule mlio mrefu ukatoka, ukapita juu ya malori yote ya Tunduma, ukavuka mpaka bila kuulizwa na mtu. Vijana wakanyamaza. Mwalimu Atupele alianza kuyumba kwenye kiti chake, viatu amevivua.

Watu walisimama mbele yao, na Loisi ni mfupi. Alinyoosha shingo, akakata tamaa, akamvuta Fides mkono.

"Anafanya nini sasa?"

Fides, mrefu kuliko yeye, aliinama mpaka mdomo ukagusa kitambaa cha kichwa cha dada yake.

"Ameinama juu ya gitaa," alimwambia. "Binti yake amemsogelea. Viatu vyake vya kahawia, kimoja kamba imefunguka. Anacheka na mtu, sijui nani. Sasa anainuka."

"Anainuka mwenyewe?"

"Mwenyewe. Subiri. Faith anataka kumshika, anamkatalia."

Loisi aliufunga mkono wake kwenye mkono wa Fides na kufumba macho.

"Haya," alisema. "Endelea."