Joto la Alcira

Jumanne moja asubuhi Alcira Tibaduiza aliingia katika duka la mikate la kaka yake, Eudoro, kupata kifungua kinywa kabla ya kwenda kazini. Alisimama karibu na beseni la unga akingoja mikate ya jibini itoke tanurini. Unga ule ulikuwa umekandwa alfajiri, na kwa baridi ya Sutavita ungechukua nusu siku kuumuka. Uliumuka palepale, ukainua kitambaa na kumwagikia mezani. Eudoro aliutazama unga, akamtazama dada yake, kisha akamletea kigoda.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Usisogee."

Hivyo ndivyo mji wetu ulivyojua kwamba Alcira anaumwa.

Sutavita iko juu kabisa milimani, ambako sakitu, umande ulioganda, hulala kwenye mashamba ya viazi mpaka jua limepanda, na mtu hulivua vazi lake la sufi siku ya kuoga na siku ya kuzikwa. Mwenye joto la ziada hapa haitwi mgonjwa, anaitwa baraka. Padri Plácido alimhamishia Alcira kiti cha mbele kanisani, na watu ambao hawakuonekana misani tangu ubatizo wao wakaanza kugombea benchi la pili. Wanawake walimletea nguo mbichi, wakamwekea mapajani, wakapiga soga kidogo, wakaondoka nazo zikiwa kavu. Kuku wa jirani walitaga chini ya dirisha lake na vifaranga wakaanguliwa bila mayai kukaliwa na mama yao. Hakuna aliyeshangaa. Wengine walilalamika tu kwamba hakuanza mapema zaidi, kabla ya baridi ya mwaka jana.

Hakuna pia aliyemuuliza anajisikiaje. Alikula kama fundi mwashi na bado sketi zilimvuka. Mikono ilimtetemeka hata kijiko kikagonga meno. Moyo ulimwenda mbio akiwa amelala, na usingizi wenyewe alikuwa ameshausahau ladha yake. Shingo ilimvimba kidogo chini ya koo. Kitu pekee ambacho hakikuguswa ni sauti.

Sauti hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na furaha yake. Kila asubuhi, katika redio ya parokia, aliwasomea taarifa watu wa mashamba ya juu ambako simu hazishiki: ng'ombe wa nani amezaa, nani amelazwa, nani anaombwa ashuke mjini kusaini urithi. Alizisoma kama kwamba kila moja inamhusu mtu anayempenda. Marehemu mumewe alishuka mlimani kumposa kabla hajamwona sura. Tangu mumewe afe aliishi kwa kaka yake, katika chumba cha juu ya tanuri, na mtu akimuuliza amebakiwa na nini duniani, alijibu kwamba amebakiwa na kipaza sauti.

Alikwenda Tunja, mji mkuu wa mkoa, akapimwa damu, akarudi. Kesho yake, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumwambia mtu jambo, alilisoma hewani pamoja na mengine.

"Alcira Tibaduiza anawaarifu ndugu, jamaa na marafiki kwamba tezi yake ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, na ndiyo inayomchoma hivi. Daktari amempa njia tatu. Ya kwanza ni vidonge vya kuituliza tezi, kila siku, kwa mwaka na zaidi. Ya pili ni kumeza iodini yenye mionzi. Tezi huifyonza na kufifia polepole, ila mgonjwa akae peke yake siku chache asiwadhuru wenzake. Ya tatu ni kupasuliwa. Mshipa unaoendesha sauti unapita nyuma ya tezi, kwa hiyo Alcira haitaki ya tatu. Anaomba mumwombee. Taarifa inayofuata ni ya Don Misael wa Peña Negra: baiskeli yako imepatikana."

Kosa lilikuwa hapo. Kwetu jambo likishasomwa redioni ni la umma, kama kisima. Hata kabla ya chakula cha mchana shingo ya Alcira ilikuwa na wajumbe waliokaa kikao kuijadili katika duka la Eudoro, wakinywa maji moto ya sukari guru. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda chake. Hawakumfukuza, maana akitoka chumba kingepoa.

"Vidonge vitaipoza," alisema Padri Plácido. "Mionzi itaiua. Kisu kitaitoa nzima."

"Nzima," alirudia Eudoro.

"Naomba niseme," alisema Alcira.

"Utasema, dada, utasema. Geuka kidogo, unga wa upande huu haujaumuka."

Alichagua vidonge. Hakuna aliyempinga, maana sisi ni watu wastaarabu na hatumpingi mtu usoni. Vidonge viliuzwa Tunja, na Eudoro ndiye aliyekwenda huko na gari kila wiki kuleta unga.

"Vimekosekana," alisema aliporudi mara ya kwanza.

"Vimekosekana tena," alisema mara ya pili. "Na barabara yenyewe unaiona ilivyo."

"Barabara imeleta bia," alisema Alcira.

"Bia ni nzito, dada. Haipeperuki njiani."

Wajumbe waliona jibu hilo linatosha. Alcira alipojaribu kupanda basi kwenda mwenyewe, dereva alimwomba radhi, akasema vioo vinaingia ukungu kwa joto lake na yeye ana watoto wa kulea. Siku hiyo hiyo mke wa dereva alimletea mashuka sita ya kukausha.

Basi akaamua iodini. Hospitali ya mkoa ilituma gari lake mara moja kwa mwezi kuwachukua wagonjwa wa mionzi tu, kwa hiyo usafiri haukuwa tatizo tena. Alichohitaji ni mahali pa kukaa peke yake akirudi, kwa sababu binti wa Eudoro alikuwa mjamzito na nyumba ilikuwa moja. Nusu ya nyumba za Sutavita ni tupu. Wenyewe walihamia Bogotá na kuacha funguo kwa Doña Ubaldina. Alcira alimwendea.

"Nyumba ipo, mwanangu," alisema Doña Ubaldina. "Ila mwenyewe akirudi ghafla nitamwambia nini?"

"Mwenyewe alikufa, mama. Nilimsoma redioni."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Juzi alipita jioni kuuliza kama paa linavuja."

Hilo lilikuwa kweli. Wafu wetu hupita mara mojamoja, hasa wenye nyumba. Lakini marehemu yule alipoulizwa alisema hana neno, Alcira akae mpaka achoke. Doña Ubaldina alimjibu kwamba marehemu hana sauti katika mambo ya funguo. Funguo za nyumba nyingine zote, ilionekana, zilikuwa zimepotea wiki hiyo hiyo. Huruma ya mji wetu ni kubwa. Humsindikiza mtu mpaka mlangoni, humshika mkono, humlilia, halafu hurudi ndani kuota moto.

Moyo wa Alcira ulianza kurukaruka. Siku moja alianguka kwenye ngazi za redio, na aliyemuokota alimwambia apumzike, akampeleka kupumzika karibu na beseni la unga. Hapo ndipo alipokubali kupasuliwa. Alilia aliposema ndiyo, na machozi yalikauka kabla hayajafika mashavuni.

Mpasuaji wa Tunja alisema hamgusi mtu ambaye moyo wake unakimbia hivyo. Kwanza atumie vidonge vya kuituliza tezi kwa majuma kadhaa. Vidonge vilipatikana jioni hiyo hiyo. Eudoro alivileta mwenyewe, na maji juu yake, akasimama kuhakikisha anameza. Kwa majuma hayo mji ulitetemeka kwa baridi bila kunung'unika, kwa uvumilivu wa watu waliopanda na wanaosubiri kuvuna. Alcira alinenepa. Alilala. Mikono ilitulia, na redioni sauti yake ilitoka nzuri kuliko wakati wowote.

"Naona vidonge vinatosha," alimwambia kaka yake. "Niendelee navyo tu."

"Tarehe ya kupasuliwa imeshasomwa hewani, dada," alisema Eudoro. "Utawavunjia watu mioyo."

Mpasuaji alifanya kazi yake vizuri. Alikuwa ameonya, na alichokionya ndicho kilichotokea: Alcira alizinduka na sauti ya mlango unaokwaruza sakafu, na haikurudi. Eudoro aliiomba tezi ili ikazikwe kwao kwa heshima. Aliileta nyumbani katika chupa ya achari na kuiweka rafuni, juu ya beseni la unga.

Mwanzoni ilikuwa baridi kama jiwe, na tulimsema sana Alcira, kwamba ametudanganya. Kisha nguvu ya vidonge ikaisha ndani ya tezi, na asubuhi moja unga ukainua kitambaa. Chupa ilipigwa picha na Padri akaibariki. Jumapili hupelekwa kanisani, huwekwa kwenye benchi la mbele, na hurudishwa dukani kabla ya mikate ya jioni. Chini yake kuna kibao cha shaba kinachomshukuru Bi Alcira Tibaduiza kwa moyo wake wa kujitolea. Taarifa za redio sasa husomwa na binti wa Eudoro, ambaye huzisoma kama anahesabu mbatata.

Mtu asiye na tezi anapaswa kumeza kidonge kingine kila asubuhi maisha yake yote, la sivyo mwili hupoa na kuwa mzito. Kidonge hicho huuzwa Tunja. Eudoro anasema kimekosekana.

Alcira huja dukani saa ya mikate ya jibini, amejifunika mavazi mawili ya sufi, midomo ya bluu, akitembea polepole. Leo alipita pembeni mwa foleni akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye chupa.

"Foleni, dada," alisema Eudoro, kwa upole. "Wenzako nao wana baridi."

Aliishusha mikono. Akasema kitu. Eudoro aliinamisha sikio, akatikisa kichwa, na watu wakanyamaza kwa adabu ili asikike. Akasema tena.

"Ongeza sauti, mama," alisema mtu wa nyuma. "Huku hatusikii."

Alikwenda mwisho wa foleni, karibu na mlango, ambao ulikuwa wazi kwa sababu ndani kulikuwa na joto mno.