Mama Hali Chakula Changu

...na huyu naye anasema asikaangwe kabisa, achemshwe na nyanya na kitunguu basi, na aliyemtangulia alisema akaangwe kwanza ndipo aungwe, la sivyo atavunjikavunjika, na kabla ya huyo yupo aliyesema tui la nazi, nazi Mbinga hii, mwezi wa sita huu, nani ana nazi, Oliva akapangusa kioo cha simu kwa pindo la kitenge maana kidole kilikuwa na magamba, akasoma tena kutoka juu, labda kuna aliyejibu sawasawa akampita, majibu ishirini na saba, watu wana nafasi, saa nne asubuhi ya Jumatano na watu wana nafasi ya kubishana juu ya samaki asiye wao, wakati samaki mwenyewe yuko kwenye beseni mbele ya miguu yake, mbasa mzima, wa leo, ameshuka na gari la alfajiri kutoka Mbamba Bay, na yeye amekaa kwenye kigoda anamtazama kama mtu anayetazama barua ya lugha asiyoijua... Wapenda Chakula Mbinga na Nyasa, ndilo jina la kundi, aliingizwa mwaka juzi na mwalimu mwenzake wa chekechea, huyo huyo anayemshikia darasa leo, yeye hajawahi kuandika humo hata neno, anaangalia tu picha za keki, leo saa kumi na mbili ndiyo aliandika, akaandika kama anavyoandika barua ya ruhusa, wapendwa habari za asubuhi, nina mgonjwa, mama yangu mzazi, ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, ni mtu wa ziwani, hali chakula changu, leo nimepata mbasa mbichi, naomba mnifundishe anavyopikwa kule kwetu, na kama kuna mgahawa hapa mjini unaopika samaki wa kumpa mgonjwa naomba mnielekeze... alipoandika kule kwetu akaona aibu kidogo, maana mtu wa kule kwao, chini ya Tingi, ufukweni kabisa, miaka arobaini na moja, hajui kupika mbasa, na ni kweli hajui, samaki mkubwa mama alikuwa hamwachii mtoto, watoto ni dagaa, na alipofika umri wa kuachiwa alishapelekwa bweni, maharage miaka minne, kisha chuo, maharage, kisha akaolewa huku milimani kwa Florian, mtu wa Mapera, maharage. Rogasian, dereva wa lori, ambaye kwa maneno yake mwenyewe amekula kila penye sufuria kuanzia Makambako hadi ziwani, alikuwa wa kwanza kujibu, akasema dada, usijisumbue, samaki wa Mbinga anapikwa na watu waliomwona kwenye katoni, mpeleke mgonjwa kwa Egidi kule Mbamba Bay, kibanda kinatazama mtumbwi unapoegeshwa, samaki anatoka majini anaingia chunguni hajui hata kilichompata, na watu wakacheka, vikatuni vya kucheka kumi na mbili, mgonjwa ana nyuzi tumboni na huyu anasema ashushwe milima yote ile kwenda kula kibandani... mwingine akasema upo mgahawa nyuma ya stendi, yule mama wa mchemsho, huo Oliva anaujua, Jumapili alinunua pale mchemsho wa ndizi, akauleta nyumbani kwenye hotipoti ya kuazima, na mama akala, akala nusu nzima, akalamba kijiko, na Oliva alikuwa amesimama mlangoni akashukuru Mungu na papo hapo kitu kikamchoma hapa, chini ya ziwa la kushoto, kwa nini huo ale.

Siku ya sita leo. Ijumaa walimtoa hospitali, daktari akasema asipande gari la kwenda mbali, akae karibu, kesho Alhamisi arudi waangalie mshono, na yule nesi mfupi akasema vidonge hivi ni vikali, havimezwi tumbo tupu, mama, asipokula vitamchubua, na kama hali basi mrudisheni tumlaze tumpitishie chakula kwa mpira puani, akasema puani kama mtu anayesema dirishani, na Oliva tangu siku hiyo akifumba macho anaona huo mpira. Uji wa ulezi, hapana, asante mwanangu, nimeshiba. Ugali laini na mlenda, hapana, weka hapo nitakula. Kuku wa supu, ambaye ni kuku wake Oliva mwenyewe, aliyekuwa anataga, mama alimtazama akageuza uso, akasema harufu, na supu akanywa Florian. Viazi vilivyopondwa na maziwa, weka hapo. Weka hapo, weka hapo, sahani zinapoa kwenye stuli zinapangwa kama za mkutano, na jana alipotandika kitanda akakuta chenga kwenye shuka, chembe nyeupe ngumu, akadhani panya, akatafuta panya mpaka chini ya godoro, hakuna panya, kumbe ni muhogo uliochomwa, uko kwenye ule mfuko wa kitambaa mama aliokuja nao kutoka ziwani, mfuko anaoulalia, mgonjwa wa tumbo anatafuna muhogo mkavu gizani kama mwizi na chakula cha moto kipo... Huko nje mashine ya kumenyea kahawa inazunguka, kra-kra-kra, Florian anaizungusha mwenyewe kwa mkono wakati vibarua wamekwenda kwingine, anasimama, anamimina ndoo, anaendelea, mtu mwema huyu, hilo hata dada zake wanasema, kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kahawa anaingia chumbani kwa mama, Shikamoo mama, anakaa pale miguuni pa kitanda, na juzi alifanya jambo ambalo Oliva hakuwahi kumwona mwanaume wa kwao akilifanya, alichukua kikombe cha uji akakishika, akachota kijiko, akasema mama, jitahidi hata viwili, kwa ajili yangu, na mama akageukia ukutani, akavuta khanga mpaka juu ya kichwa, akakaa hivyo, mabega yamekaza, na Oliva akadhani kichefuchefu, akakimbilia beseni. Hakutapika. Florian alitoka na kikombe chake, akasema pole sana, labda uji ulikuwa mzito, akasema kwa upole, na ule upole ndio uliomchosha Oliva kuliko yote, maana uji ulikuwa sawa, uji ule ule, mikono ile ile, hospitalini alikuwa anaupika kwenye jiko la wauguzaji huku moshi unamtoa machozi na mama anaumaliza, anaomba mwingine, sasa mikono imebadilika lini... au ni yale ya zamani, labda mama hajamsamehe kuolewa mbali, hapana, hayo yalikwisha, kila Krismasi wanashuka, mama anawapikia, Florian anakula barazani na wajomba, mama anakula jikoni na wanawake, wanacheka, hakuna neno. Na huku kwake mama hajawahi kulala kabla ya Ijumaa hii. Komunyo ya kwanza ya mtoto wao Glorious mama alifikia kwa kaka yake, kijiji cha Ruanda, hapa hapa Mbinga, akaja kanisani, akala ukumbini na watu wote, akarudi kwa kaka yake. Miaka kumi na sita, hajawahi kulala humu, Oliva hakuwahi hata kulihesabu hilo, mtu unahesabu karo, huhesabu mama yako amelala wapi.

Chumbani pazia limeshushwa na kuna sauti, Bonifasia wa nyumba ya pili amekuja kumjulia hali, anaongea kwa ile sauti yake ya kuuzia nyanya, nusu inasikika, nusu inamezwa na mashine, ...wewe mama Kunigunda wewe, ndilo jina la mama, ...nimekuletea, ...kwangu mwenyewe nimechemsha, na mama anajibu kitu chini chini, na kisha, ndiyo, Oliva akainua shingo, kimya kile ni kimya cha mtu anayekula, anamenya kiazi kitamu na kula, anakula cha Bonifasia, Bonifasia ambaye kuku wake wanalala jikoni na sufuria zake Mungu anazijua, kikamchoma tena pale pale, akarudi kwenye simu kwa hasira, kana kwamba simu ndiyo iliyokula. Majibu ishirini na tisa. Domitila wa duka la vyombo anasema mbasa asigeuzwe na mwiko, tikisa sufuria, mwiko ni wa wavivu. Rogasian anamuuliza Domitila kama naye amewahi kula samaki ambaye hajatoka kwenye kopo. Na chini yao, bila salamu, kwa herufi kubwa tupu kama tangazo la kijiji, Bibi Valeria, ambaye picha yake ni ya mjukuu na ambaye haandiki ila akichokozwa, ameandika, MGONJWA YUKO KWAKE AU KWA MKWE. Oliva akasoma, akafikiri huyu bibi amekosea kundi, akaandika, yuko kwangu bibi, shikamoo, na alama ya pili ya tiki haijageuka rangi jibu likaja, KWAKO NI KWA MKWE, kisha lingine, MKWE AMEMPA KUKU?, na Rogasian bila kuchelewa, bibi yetu hapa tunazungumzia samaki, kuku ametoka wapi, na vikatuni vya kucheka, na Bibi Valeria hakumjibu Rogasian, watu wazima hawamjibu Rogasian.

Kuku. Oliva alitaka kuandika kwamba kuku alishapika, supu, Jumamosi, hakuliwa, vidole vikaanza, kisha vikasimama, maana bibi hakuuliza kuku amepikwa, ameuliza amepewa, na mkwe ndiye wa kumpa, na kitu kikajongea huko nyuma kabisa kichwani, kwenye mambo ya kabla ya shule... bibi mzaa mama, amesimama chini ya upenu wa nyumba yao, mvua, watoto wanamvuta mkono bibi ingia, na bibi anasema mimi niko vizuri hapa, ana mfuko wa kitambaa, anatoa mahindi ya kuchoma anatafuna, siku nzima, usiku akalala kwa jirani, kesho yake tena upenuni na mfuko wake, na mama kijana, mama mwenye mgongo ulionyooka, anapita na sahani hamtazami, hampi, na Oliva mdogo alimchukia mama kwa hilo, akadhani ni uchoyo, mpaka jioni ya pili baba akatoka nyuma ya nyumba na kitu kimefungwa kwenye gunia, kinahema, akapiga goti moja mbele ya bibi, akatazama pembeni, akakiweka, na bibi naye akakipokea akitazama pembeni, na baada ya hapo bibi akaingia akala, akala mpaka watu wakacheka, na miaka yote alipokuja alikula. Mama mkwe hali chungu cha mkwewe mpaka afunguliwe na mkono wa mkwe. Ndivyo. Na unga ni wa shamba la Florian, moto ni wa Florian, maharage ya Florian, na hata yule kuku aliyetaga alikuwa anadonoa uwanjani kwa Florian, na aliletwa na nani, na binti, kwenye bakuli, ameshapikwa. Na kijiko. Mungu wangu, kijiko. Mkwe amekaa kitandani miguuni pa mkwe, anamlisha kwa mkono wake kama mtoto, mama kageukia ukutani, na yeye binti analeta beseni la kutapikia.

Kwa nini hakusema, mwanamke ana mdomo, angesema, Oliva fanya hivi na hivi, lakini kuku wa kuombwa si kuku, hilo nalo likaja lenyewe bila kuitwa, na tena mama atakuwa alidhani binti anajua, binti amesoma, atashindwaje kujua jambo ambalo hata watoto wa dagaa wanalijua, atakuwa anangoja, siku sita anawangojea waamke, huku anatafuna muhogo na mshono unavuta... Alitaka kukasirika, alikuwa na haki, siku sita anapika sufuria nne kwa siku, anafundisha watoto wa watu kuhesabu, anarudi, anapika, anamwaga, usiku anajiuliza mikono yake ina nini, aliinusa, kweli, juzi alikaa gizani akinusa mikono yake mwenyewe, hasira ikaja nusu ikachoka njiani. Mikono haina kitu. Nyuma ya pazia mama alikuwa bado anatafuna, polepole, upande mmoja, upande wenye meno, na Bonifasia anasema, ...kimoja tena, ...kidogo hiki, na Oliva akasikiliza mpaka mwisho na hakikumchoma.

Simu ikatetemeka pajani, majibu thelathini na sita, hakuitazama. Kra-kra-kra, Florian kamimina ndoo nyingine, hajui lolote, atakapoisimamisha mashine atauliza kama anavyouliza kila siku, mama amekula?, na inabidi asiambiwe kwamba amekosea, maana hajakosea, kwao Mapera mtu mwema ndivyo anavyofanya, ukimwambia amemtia mkwe aibu kwa kijiko hatalala wiki, ataacha hata kuingia kusalimu, itakuwa mbaya zaidi, aambiwe vingine, akayapanga maneno, akayapanga tena, akaona yale mafupi ndiyo yanayotosha: "Baba Glorious, mama amekaa na njaa siku sita kwa kukuheshimu wewe." Hapo atafuta mikono kwenye suruali, atauliza afanye nini, ni mtu wa kuuliza afanye nini, na yeye atamwambia kuku, kwa mkono wako, leo, kabla jua halijazama, goti moja, na usimtazame. Naye atasema sawa, kisha atauliza, maana lazima atauliza, jogoo au tetea, na yeye Oliva hatajua, gunia lilikuwa limefungwa, na mwaka ambao wasichana wenzake walikalishwa chini wakaambiwa mambo hayo yeye alikuwa bweni, anakariri sehemu za ua.