Cheti cha Hatua ya Kwanza

Chuo kilikuwa mabanda matatu ya matofali ya kuchoma, nje kidogo ya mji wa Bunda, mali ya misheni. Kilifundisha vijana namna ya kumhudumia mtu aliyepatwa na ajali kabla hajafikishwa hospitali. Kozi ilikuwa na hatua tatu, kila hatua miezi minne. Hatua ya kwanza ilikuwa vidonda, mivunjiko na kuungua. Ya pili ilikuwa uzazi. Ya tatu ndiyo wanafunzi waliyoiogopa, maana ilihusu mambo yasiyoonekana kwa macho: sumu, kuzimia, damu inayovujia ndani ya mwili. Kila hatua ilikuwa na cheti chake, na mtu aliweza kuchukua kimoja akaenda zake. Sheria ya chuo haikumzuia.

Dafroza Kwangu alimaliza hatua ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1992, akiwa wa kwanza darasani. Alishona jeraha vizuri kuliko hata mwalimu wake, Leodgar, mganga msaidizi mstaafu aliyekuwa ameanza kutetemeka mikono.

Wiki hiyohiyo akaja mtu aitwaye Bernado. Zamani alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Chama kilipokufa naye akageuka mfanyabiashara, na serikali iliporuhusu tena watu binafsi kufungua zahanati, akafungua ya kwake kule Buhemba, kwenye machimbo ya dhahabu. Dawa alizileta kutoka Sirari, mpakani. Alichokosa ni mtu wa kutibia nazo.

"Nasikia wewe ndiye unayeshona," alimwambia Dafroza. "Kule watu wanakatika kila siku. Njoo uanze kazi Jumatatu."

"Bado hatua mbili, mzee."

"Hizo utasoma baadaye. Kwani chuo kinahama?"

Dafroza alikwenda nyumbani kwao Bugwema kuomba ushauri, ingawa moyoni alijua atakachoambiwa. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mama yake, Dorotea, alikuwa amepeleka pamba kwenye chama hichohicho, misimu yake miwili ya mwisho, bila kuambulia kitu, na wadogo zake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare.

"Miezi minane tena?" Dorotea aliuliza. Alikuwa akichambua mtama, hakuinua macho. "Sisi tulikuwaga tunazalishana humuhumu, hakuna aliyekuwa na cheti. Wewe unacho. Unangoja nini, mwanangu, mpaka nizikwe?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Dafroza.

Mwalimu Leodgar naye hakumkataza. Alimkabidhi cheti, akakishikilia kidogo kabla hakijatoka mkononi mwake.

"Nimekufundisha kutibu kinachoonekana," alisema. "Usiwaambie watu unajua zaidi ya hapo."

"Sitawaambia, mwalimu."

"Watajiambia wenyewe. Wewe ndiye utakayeshindwa kuwakatalia."

Ikawa hivyo. Haikupita wiki mbili, Buhemba nzima ilimwita dokta. Mwanzoni alijitetea, "Mimi siyo dokta, mimi ni mhudumu," wakacheka wakadhani ni unyenyekevu. Bernado alimnunulia koti jeupe. Kuanzia siku alipolivaa hakujitetea tena. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na watu wazima walisimama akipita. Wadogo zake walirudi shule. Dorotea aliezeka nyumba upya. Kila aliyeletwa na kidole kilichopondwa au mguu uliovunjika alitoka amefungwa barabara, na Dafroza akaanza kuamini kwamba hatua ya kwanza ndiyo kozi yenyewe, na zile nyingine ni maneno ya kuongezea.

Mwezi wa sita akaletwa Eliasi. Tuseme alikuja mwenyewe, kwa miguu, saa nne asubuhi, akiwa na wenzake wawili. Alikuwa mchimbaji kutoka Mwisenge, Musoma mjini, mtu mcheshi ambaye kila mtu machimboni alimfahamu. Gogo la kushikilia ukuta wa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, lilikuwa limechomoka likampiga ubavu wa kushoto, na lilipoteleza likamchana mkono.

"Dokta, nishone nirudi," alisema. "Leo tumeuona mwamba wenyewe wa dhahabu."

Jeraha la mkono lilikuwa refu, lakini safi. Dafroza alilishona nyuzi kumi na moja, zimepangana kama za cherehani, na wale wenzake wakainama kuzitazama.

"Ubavu je?" aliuliza.

"Unauma kidogo. Kinachonisumbua ni bega hili la kushoto."

Dafroza alilipapasa bega. Halikuteguka, halikuvimba, halikuwa hata na mkwaruzo. Akalipaka dawa ya kuchua. Eliasi akaomba maji, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine. Jasho lilikuwa likimtoka usoni, nalo lilikuwa la baridi. Dafroza aliliona. Alijiambia ni uchovu wa shimoni, pengine na malaria. Akampa vidonge, akamwambia alale kitandani apumzike.

Saa tano na nusu dereva wa Bernado alichungulia mlangoni. Pikapu ilikuwa inakwenda Musoma kufuata mafuta, ikipitia Butiama.

"Dokta, kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali?"

Dafroza alimtazama Eliasi. Alikuwa amefumba macho, ametulia. Moyo wake ulimwambia kuna kitu. Lakini kama dereva angemuuliza ni kitu gani, asingekuwa na jibu, na wachimbaji wawili walikuwa wamesimama pale wakimsikiliza.

"Hapana," alisema. "Huyu anapumzika tu."

Pikapu ikaondoka. Saa saba Eliasi alianza kugeuka huku na huku, akiuliza maswali yasiyoeleweka. Tumbo lilikuwa limekaza kama ubao. Dafroza alimshika mkono kutafuta mapigo, akayakosa, akayapata, yakikimbia membamba kama uzi. Akatoka nje akapiga kelele atafutiwe gari lolote. Lilipopatikana lori la mchanga, saa nane na robo, Eliasi alikuwa amekwisha kukata roho. Nyuzi zake kumi na moja hazikuwa zimeachia hata moja.

Hakuna aliyemlaumu. Wachimbaji walisema amepambana. Bernado alimwambia, "Siku yake ilikuwa imefika, wewe mshukuru Mungu kwa wale unaowaponya," na kesho yake akataka zahanati ifunguliwe kama kawaida. Mkewe Eliasi, Miriamu, alikuja kuchukua mwili. Alimshika Dafroza mikono yote miwili akalia juu ya koti lile jeupe. "Asante, dada," alisema. "Angalau alikufa mikononi mwa mtu anayejua."

Dafroza alikaa Buhemba wiki tatu zaidi, kisha akalikunja koti akaliacha juu ya meza. Alirudi Bunda. Mwalimu Leodgar alimwandika jina kwenye daftari tu. Akasoma hatua ya pili, akaingia ya tatu.

Wiki ya tano ya hatua ya tatu, Leodgar alichora bandama ubaoni, chini ya mbavu za kushoto.

"Ikipasuka, mgonjwa anaweza kuja anatembea," alisema. "Atakuwa na kiu. Atatokwa jasho la baridi. Na wengi watawaambia bega la kushoto linauma, wakati bega halina kitu. Damu iliyomwagikia ndani ndiyo inayolifanya liume. Ukisikia hivyo, usimpe maji, usimlaze kusubiri. Gari la kwanza utakaloliona, mpakie."

Wanafunzi waliandika. Dafroza aliweka kalamu chini. Somo lote lilichukua kama dakika kumi.

Baadaye alimfuata Leodgar nyuma ya darasa akamweleza, tangu gogo hadi pikapu. Mzee alisikiliza akiwa amejikunyata.

"Angepona?" Dafroza aliuliza.

"Mwaka jana? Barabara ile, na hospitali ambazo mgonjwa anaambiwa aje na glovu zake? Labda. Labda angefia Butiama njiani." Akajifuta uso. "Sikudanganyi, Dafroza. Lakini hiyo labda ilikuwa yake, na wewe ukaichukua."

Alipomaliza kozi, misheni ilimpa kazi kwenye zahanati yao palepale Bunda. Miaka miwili ikapita. Alifanya kazi vizuri, na kila gari lililosimama nje alilitazama. Mwishowe akaona hawezi tena. Jumamosi moja alipanda basi kwenda Musoma, akashuka, akatembea hadi Mwisenge. Miriamu alikuwa na genge la dagaa mbele ya nyumba. Alimtambua papo hapo.

"Wewe si ndiye uliyemshona Eliasi! Karibu, dada, karibu. Watoto huwa nawaambiaga habari zako."

Dafroza alikaa kwenye kigoda, akasema yote. Hakujipunguzia. Cheti, bega, maji, dereva mlangoni.

Miriamu alikuwa akipepeta dagaa kwenye ungo. Mikono ikasimama.

"Gari lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Likakuuliza?"

"Likaniuliza."

Mama mmoja alikuja kununua. Miriamu alimpimia, akamfungia kwenye gazeti, akamsubiri aondoke.

"Umekuja nikusamehe?"

"Sijui, dada. Nimeona unastahili kujua."

"Nani alikwambia nastahili?" Sauti yake haikupanda. "Nililia mwaka mzima, nikanyamaza. Nikajiambia, siku yake ilifika, na mtu anayejua alikuwepo, akashindwa. Nikaanza kulala, Dafroza. Nilikuwa nalala. Sasa watoto wangu niwaambie nini? Umeubeba mzigo wako, umekuchosha, ukaona uje unitwishe mimi, urudi Bunda mikono mitupu."

"Nisamehe."

"Nenda."

Dafroza alisimama. Alitaka kusema kwamba mzigo haujapungua hata kidogo, lakini aliona hilo nalo lingekuwa kumwongezea. Nyuma yake alisikia ungo ukianza tena, polepole, kisha ukakoma.

Alifanya kazi Bunda miaka mingi, na wapo wanaotembea leo kwa sababu yake. Lakini Mwisenge hakukanyaga tena. Safari za Musoma alipozipata, alishukia kituo cha mbele zaidi, akazunguka kwa nyuma asilipitie genge lile, kwenye vumbi, hata kama mvua ilikuwa inakuja.